Mwenyekiti wa Chapwa

Ndola, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na uzima, na kwamba baridi ya huko Tunduma haijakuonea sana. Mimi ni mzima, kazi tu.

Danford dereva atakukabidhi barua hii pamoja na tenga. Ndani ya tenga kuna paka. Usishtuke, ni paka kweli, ingawa utadhani nimekutumia mbuzi. Alikuwa wa yule bibi niliyekuwa nakaa naye, ambaye nilikwambia wakati wa Pasaka kwamba hali yake si nzuri. Amefariki. Watoto wake walikuja wakagawana makochi na vyombo, na ilipofika zamu ya paka kila mmoja akaangalia pembeni. Nikamchukua mimi. Sasa nimepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki kuona mnyama. Kaa naye mpaka nipate pengine pa kuishi.

Anaitwa Oskari. Chanjo zake zote amechomwa. Nakuomba umchane manyoya, chanuo limo humo humo kwenye tenga. Asizurure nje, amekulia ndani. Na tafadhali, Mama, usimwazime mtu, hata kwa wema. Bibi alikata roho mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa huyu paka, nami nilikuwepo. Kwangu si mnyama tu.

Mwanao,
Atupele


Chapwa, Tunduma, 23 Juni 2024

Mwanangu Atupele,

Salamu zangu zikufikie huko kwa watu. Mimi mama yako sijambo, ni mzima kama chuma, na kama kuna anayekwambia nimezeeka huyo ana wivu. Na wewe je? Unakula? Unavaa sweta?

Barua yako nimeipata, na kwanza nikwambie, ni ndefu! Krismasi nilipata moja, na Pasaka moja, zote mistari ya kuhesabu. Kwenye simu ndiyo usiseme, "Mama nipo kazini," inakatika. Sasa hii imejaa mpaka chini. Nusu yake ni ya paka lakini si neno, nimeisoma yote.

Sasa huyo paka. Mwanangu, ulinitumia paka au ulinitumia mfalme? Danford aliposhusha tenga watu walisimama. Amefungua kifuniko, paka akatoka taratibu kama mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Kifua kimejaa manyoya kama simba. Mkia peke yake unatosha kufagia sebule. Masikio yana vinyweleo juu kama manyoya ya kofia, na hata katikati ya vidole vya miguu ana manyoya, kavaa soksi za Mungu. Akatembea moja kwa moja mpaka kiti cha marehemu baba yako, kile ambacho hata mchungaji hakaliagi, akaketi. Akatutazama. Rozi jirani akasema, "Jamani, kikao kimefunguliwa." Hilo jina la Oskari halitaki kukaa mdomoni mwangu, kwa hiyo hapa anaitwa Mwenyekiti.

Tangu hapo kwangu ni foleni kama ya malori pale mpakani. Wanakuja eti kuomba chumvi. Nawaambia, "Huyu katoka Zambia, nyumba ya kitajiri, kaletwa na mwanangu ambaye ni muuguzi mkuu huko." Wanatikisa vichwa tu.

Nifundishe mambo yake. Kwa nini halii nyau kama paka wa watu? Anatoa sauti kama njiwa, kama anauliza swali. Na kwa nini anatia mkono kwenye ndoo yangu ya maji? Niandikie yote, usifupishe.

Mama yako


Ndola, 10 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uko salama. Hapa hatujambo.

Nimecheka sana habari ya kiti. Basi nikueleze. Jamii yake inaitwa Mein Kun, asili yao ni Marekani upande wa baridi na theluji, ndiyo maana ya yale manyoya na zile soksi. Wanakua polepole mpaka miaka minne au mitano, kwa hiyo huyo bado anaongezeka. Hawalii sana, wanaongea na mtu kwa ile sauti uliyoisikia. Anapokuuliza, mjibu. Maji wanayapenda. Na usimtegemee awe mkali, ukubwa wote ule ni wa sura, moyo wake ni wa mtoto.

Kazi yake kubwa ni manyoya. Chini ya tumbo na nyuma ya masikio yanasokotana upesi. Na kila kitu kinanasa humo, vumbi, majani, unga. Kisha anajilamba mwili mzima. Kwa hiyo kinachoingia kwenye manyoya kinaingia tumboni. Mchane, Mama, hata kama watu watacheka.

Mwanao,
Atupele


Chapwa, 8 Agosti 2024

Mwanangu Atupele,

Salamu. Mimi mzima. Soma ukiwa umekaa.

Paka wako yupo hai, nakwambia hilo kwanza. Lakini nimekosa. Nimemwazima.

Ilikuwa kikao cha akina mama wa kanisa, nyumbani kwa Rozi. Unawajua wale. Tumemaliza sala, chai inazunguka, Rozi akaanza. "Mama Atupele, hivi yule Mwenyekiti wako kashakamata panya hata mmoja?" Nikasema hana haja, panya wanahama wenyewe wakimwona. Wakacheka. Akasema tena, "Anakula dagaa kuliko bwana harusi, na panya wakipita anawaitikia marahaba!" Hapo kikao kizima kimeangua kicheko, mwanangu, hata mama mchungaji kaficha uso kwenye kitenge. Damu ikanipanda. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mpeni ghala yoyote Chapwa nzima, mtaona." Rozi akasema, "Yangu ipo, na panya wapo."

Nilikumbuka barua yako. Sitasema nilisahau. Niliikumbuka wakati nambeba. Nikasema moyoni, siku moja tu, Atupele yuko Ndola.

Rozi alikuwa ametoka kuhifadhi mahindi. Yale magunia yamechanganywa dawa, ile ya unga, kama sote tunavyofanya tukishavuna. Hakuna aliyewaza. Paka wa Rozi mwenyewe amelala juu ya magunia hayo miaka yote mpaka akafa kwa uzee, hajawahi hata kupiga chafya. Lakini paka wa Rozi alikuwa na manyoya kama ya mswaki. Huyu wako alipotoka mle alikuwa mweupe tumboni kote, kama mtu wa mashine ya kusaga. Nami nikacheka! Nikasema ona, amefanya kazi. Akakaa kwenye kiti, akaanza kujilamba.

Udenda ukaanza kumtoka. Kisha miguu ikatetemeka, akawa anataka kusimama anaangukia upande. Nikampa maziwa, si ndivyo tunavyojua sumu inavyokatwa? Akayatapika. Hakuwa ananiuliza tena na ile sauti yake. Ananitazama tu.

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikatoka mbio kwa Lusajo, bwana mifugo. Barabarani wanasema, "Mama Atupele kapata mjukuu mwenye mkia!" Nikawaacha waseme. Lusajo akamchoma sindano, akanigombeza ile ya maziwa, tukamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Kisha akasema manyoya lazima yatoke, dawa imeshika mpaka kwenye ngozi. Akanipa mkasi nami. Tumemnyoa, mwanangu. Kile kifua chote. Chini ya yale manyoya ni kapaka kadogo, mbavu unaziona. Sikujua kama ni mdogo vile.

Ametoka hatarini, Lusajo anasema. Anakunywa maji kwenye kiganja changu. Ameshindwa kupanda kitini, namlaza chini nami nakaa naye chini.

Sijui niandike nini kingine. Ulinipa neno moja nalo sikulishika.

Mama yako


Ndola, 2 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako niliipata siku nyingi. Nilishindwa kujibu. Ulikumbuka, ukamwazima hivyo hivyo ili watu wasikucheke. Hapo ndipo ninapokwama kila nikishika kalamu.

Nimepata nyumba ya vyumba viwili, wanyama wanaruhusiwa. Danford akipita huko tena atamchukua. Umtayarishe.

Atupele


Chapwa, 20 Septemba 2024

Mwanangu Atupele,

Nakusalimu kwa unyonge. Mimi afya ipo. Natumaini nawe huko hujambo, ingawa hukusema.

Barua yako ni fupi lakini inanitosha, ninastahili. Sina la kujitetea.

Ila habari ya safari, nakuomba uiahirishe. Mwenyekiti bado ni dhaifu sana. Dawa ile imemwachia ugonjwa wa miguu, hata kusimama ni kazi. Safari ya lori mpaka Ndola, na ile foleni ya mpakani, hataiweza. Mwambie Danford apite tu, asisumbuke kuingia Chapwa. Ngoja mvua zianze, ziishe, ndipo tuone.

Manyoya yanarudi, yamekuwa kama mahameli. Namchana asubuhi na jioni. Mwanzo alikuwa hataki tumbo liguswe, sasa anajigeuza mwenyewe anasubiri. Anaongea tena. Nikiingia mlangoni ananiuliza, nami namjibu, "Nilikuwa sokoni, bwana." Na juzi, Atupele, ungekuwepo! Nasikia kelele nje, natoka, nani huyo juu ya bati la Rozi? Mwenyekiti! Kashika panya buku mdomoni, panya mwenyewe kama sungura, kaning'inia huku na huku. Akaruka kutoka bati mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kizingitini kwangu, tii, akamweka miguuni pangu. Rozi mwenyewe kakiri mbele ya watu, kasema hajawahi kuona paka wa namna ile toka azaliwe, na mimi nikamwambia na hutaona tena.

Lakini ni dhaifu, mwanangu. Dhaifu kabisa.

Usiache kuniandikia kuuliza hali yake.

Mama yako


Ndola, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo hapa, joto limeanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Paka asiyeweza kusimama alifikaje juu ya bati la jirani yako Rozi? Na huyo panya buku alimwinua kwa miguu ipi? Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza.

Halafu nikaacha kucheka. Mama, hujawahi kuniambia kitu chako chochote ni kibovu. Mwaka ule kuku wako wote walipougua kideri uliniandikia kwamba wanapumzika. Leo unaniandikia kwamba paka ni dhaifu, dhaifu kabisa. Kwa hiyo lipo jambo.

Kama hutaki aondoke, sema. Sijui nitajibu nini, lakini sema. Danford atapita kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao,
Atupele


Chapwa, 17 Oktoba 2024

Mwanangu Atupele,

Salamu nyingi. Barua hii anakuja nayo Mwenyekiti mwenyewe, ndani ya tenga. Ni mzima. Alikuwa mzima hata siku ile naandika uongo. Mara ya kwanza nilimwazima mtu kisicho changu, mara ya pili nikataka kukiiba. Nimemfunga kifuniko kwa mikono yangu, Danford atakwambia.

Umesema niseme, nasema. Ningekuomba abaki kwangu, najua ungenihurumia. Ndiyo maana siombi.

Lakini ujue kwa nini nilidanganya. Nampenda, ndiyo, kanizoea, nikikaa analala miguuni nami nashindwa kuinuka hata kupika. Si hilo. Kabla hajaja ulikuwa unaniandikia Krismasi na Pasaka, kama mtu anayelipa sadaka. Alipoingia yeye ndani ya nyumba, barua zikaingia nyuma yake. Unaniuliza anakulaje, analalaje. Hata ulipokasirika uliandika. Nikawaza, akirudi Ndola, Atupele atauliza habari za nani tena huku? Basi nikamgonjwesha kwenye karatasi. Nimempa ugonjwa kiumbe ambaye nilishampa sumu.

Rozi alikuja kumuaga. Akasema, "Mama Atupele, mbakize, mwanao hatajua." Nikamwambia wewe ndiye uliyesema ghala yako ipo, leo nyamaza. Kisha nikaona namwonea. Mdomo uliomtoa ni wangu.

Njiani anaogopa honi, nimemwambia Danford asipige ovyo. Akikufikia usimshike mara moja, aje mwenyewe. Na manyoya ya kifua hayajafika pale yalipokuwa, unisamehe hapo utakapoyaona.

Huna deni la barua kwangu.

Mama yako


Ndola, 3 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani, leo sina zamu.

Nataka nikwambie habari zangu, maana sijawahi. Mimi si muuguzi mkuu, Mama, wala si muuguzi. Sikusomea. Nakaa na wagonjwa majumbani kwao. Nawafulia, nawapikia uji, nawageuza kitandani ili mgongo usitoboke. Wakifa nawaosha, kisha natafuta nyumba nyingine yenye mgonjwa. Ndiyo kazi yangu tangu nivuke mpaka.

Mwanzoni nilikuandikia hivyo hivyo, kwamba nimepata kazi kwa mgonjwa. Nilipokuja likizo nikakuta Chapwa nzima inaniita Sista, na wewe umesimama katikati unang'aa. Ningesemaje? Kila nikianza barua baada ya hapo nilikuwa nasikia unavyowasomea watu. Nikawa naandika mistari ambayo haiwezi kukuaibisha, na hiyo haijazi ukurasa. Haikuwa kwamba nimekusahau. Nilikuacha peke yako miaka yote hiyo kwa sababu ya jina nisilo nalo, na hilo linaniuma.

Barua yako ya Agosti ilinikasirisha sana. Lakini ni ya kwanza kutoka kwako niliyoiamini kutoka juu mpaka chini.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama, unaendeleaje? Usinijibu kama unavyowajibu watu.

Mwanao,
Atupele


Chapwa, 15 Novemba 2024

Mwanangu Atupele,

Nimeisoma barua yako, nikageuza nyuma ya karatasi kutafuta habari za paka. Hamna hata neno, umeniuliza mimi. Nikakaa chini nikalia, Mungu anajua.

Hii sikumsomea mtu. Rozi alikuja na swali lake, "Sista anasemaje?" Nikamwambia si sista. Anafua, anapika uji, anageuza wagonjwa, na wakifa wanafia mikononi mwake wakiwa wasafi. Akasema, "Lakini si ulisema..." Nikasema ndiyo, nilisema. Kisha akaniambia mama yake mzazi kule Mlowo amelala mwaka wa pili sasa, kidonda kimemla mgongo, hakuna anayejua kumgeuza. Anauliza mnafanyaje. Nikamwambia nitakuuliza.

Uliandika kweli mara ya kwanza, nami sikuisoma kwa watu kama ilivyoandikwa. Nilisoma niliyoitaka. Hivyo ndivyo nilivyokupoteza, nikakaa hapa nalaumu mpaka na posta.

Umeniuliza naendeleaje. Goti la kulia halikunji, kanisani nasali nimekaa na nawaambia watu ni heshima ya uzee. Jicho moja lina ukungu, barua yako nimeisoma kwa jingine. Shamba la juu sijalima mwaka huu, nilisema nimelipumzisha, lakini ni nguvu ndizo hazikuwepo. Jioni napika kidogo na bado kinabaki. Zipo siku sisemi na mtu mpaka naingia kulala, na asubuhi sauti inatoka kwa shida.

Ndivyo ninavyoendelea. Nimeandika bila kupamba.

Na wewe, unayeinua watu wazima kila siku, mgongo wako unaendeleaje?

Mama yako